Kwa mpwa wangu anayetaka kuingia jeshini

Mpwa wangu,

Mamako kanieleza kwamba umeazimia kwenda kwenye usajili wa makuruta, na kwamba ukipelekwa Somalia utalipiza ya Garissa. Naelewa. Watu 148 kuuawa na Al-Shabaab chuoni mwaka 2015, na Wakristo wakitengwa kwa dini yao kabla ya kupigwa risasi, hilo halisahauliki.

Mchungaji wako asema vita ni dhambi. Wenzako wa kwaya wakutajia Warumi 13, kwamba mwenye mamlaka hachukui upanga bure. Mbona wote wanairuka Luka 3:14? Askari walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Hakuwaambia watupe silaha. Aliwaambia wasidhulumu mtu, wasisingizie watu, na watosheke na mshahara wao. Mshahara! Yohana alijua askari huanza kuoza mfukoni.

Ndiyo maana nakuja kwa kile kiwanja cha Mtongwe. Dalali wa nafasi za jeshini keshawaambia bila laki kadhaa barua ya kuitwa haitoki, na jana mamako kanitumia picha ya hati niitafutie mnunuzi. Sasa niambie, baba: kijana aliyeingia kwa hongo, siku akisimama kwenye kizuizi cha barabarani na bunduki begani, atazirudisha wapi hizo laki kama si kwa mwenye matatu na mama wa mboga? Swali la kuua lina siku yake. Hili lipo mezani kwenu leo.

Na hilo la kulipiza. Agostino, askofu wa Hippo, Annaba ya leo huko Algeria, alimwandikia jemadari wa Kirumi, Bonifasi, akamkumbusha askari hao hao wa Yohana. Hakumkataza kupigana. Alimwambia atake amani, vita viwe vya kulazimika tu, na adui akishashindwa au kutekwa aonewe huruma. Katiba yetu nayo, kifungu cha 25, haikubali mtu ateswe kwa hali yoyote. Basi amua kabla hujanyolewa nywele: ukiletewa kijana wa Kisomali amefungwa mikono, rika la mtoto wa jirani yetu wa dukani, na mkubwa wako akakwambia umtese, utajibu nini?

Kama dhamiri yakukatalia kabisa, usione haya. Mwaka 295, huko huko Algeria ya leo, mjini Tebessa, Maksimiliano mwenye miaka 21 alikataa kuandikishwa katika jeshi la Roma. Liwali akamwambia mbona kuna Wakristo wanaotumika kwa wafalme. Akajibu kuwa wao wanajua linalowafaa. Akauawa kwa upanga. Mimi humpenda zaidi babake: alipotakiwa amshawishi mwanawe, alisema kijana ana akili zake, anajua la kufanya.

Kenya hailazimishi mtu kuwa askari, kwa hiyo nami nakuachia uamuzi. Ukienda, nenda kwa miguu yako na vyeti vyako. Kiwanja hakiuzwi. Nitampigia mamako jioni, na dalali akirudi, mpeni nambari yangu.

Mjomba wako