Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Bagamoyo: saruji inaua nyumba za matumbawe

Ndugu Mkurugenzi,

Mji Mkongwe wa Bagamoyo una nyumba za namna mbili zilizobanana: za matumbawe na chokaa, zenye kuta za nusu mita, na za tofali za saruji na nondo. Ya saruji hudumu kwa kuyazuia maji. Ya matumbawe huyanywa kutoka ardhini, kisha huyatoa kwa jua na upepo kupitia lipu laini ya chokaa. Kosa ni kuikarabati hii kama ile.

Matumbawe yakipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi pamoja na chumvi. Chumvi ikiganda nyuma ya lipu huisukuma, mpaka ibanduke na ngozi ya jiwe. Hilo angalau linaonekana. Vichwa vya boriti za mikoko vilivyozama ukutani huoza kimyakimya, mchwa wakamalizia, na siku moja dari inashuka huku ukuta wa nje ukimetameta kwa rangi.

Linalotutisha zaidi ni zege kumwagwa mahali pa boriti. Vyumba vya kale ni vyembamba, kama mita 3, kwa kuwa boriti haivuki mbali zaidi. Chumba cha mita 3 kwa 8, zege la sentimita 15, ni zaidi ya tani 8. Sakafu ya kale nayo ilikuwa nzito, lakini ilibebwa na ukuta mkavu, si uliolowa nyuma ya saruji.

Tunaomba kibali cha ukarabati kidai haya. Lipu ya saruji itolewe kwa patasi na nyundo ndogo, ukuta ukauke wiki kadhaa za kiangazi. Lipu mpya iwe ya chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji, kipimo 1 kwa vipimo 3 vya mchanga uliochekechwa, usiwe wa ufukweni. Kila tabaka lisizidi sentimita moja na nusu, lifunikwe magunia mabichi kwa siku kadhaa. Chokaa hukomaa polepole kwa hewa, ikikaushwa haraka hupasuka. Juu yake ipakwe chokaa nyeupe, kamwe si rangi ya mafuta.

Nyumba mpya nazo zikatazwe mchanga wa ufukweni: chumvi hula nondo, kutu huvimba, nguzo hupasuka.

Mkaguzi wako hahitaji maabara. Akwaruze lipu mpya ya nyumba ya matumbawe kwa ncha ya msumari: ya chokaa hukwaruzika, ya saruji hugoma. Ikigoma, kazi isimamishwe siku hiyohiyo.

Mafundi wa chokaa, Bagamoyo