Namba moja tunaiona, taimu iko wapi?

Mhariri, naomba kinafasi kwenye ukurasa wa barua. Kila UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikifika mnatuandikia fulani kashika namba moja mita 1500, fulani wa pili, basi. Kakimbia dakika ngapi? Hamna. Na siwalaumu nyie peke yenu, manake mara nyingi hata uwanjani hakuna aliyeandika, mwalimu ana filimbi tu, sasa mtoto anarudi nyumbani na namba moja yake hajui kama kaendelea au wenzie ndo walikuwa wachovu zaidi.

Mi najitolea kufundisha vijana wa sekondari moja hapa Tanga. Nilipoanza nikakuta kijana anasifiwa ana 4:20 ya mita 1500, yaani dakika nne na sekunde ishirini, nikafurahi kweli, kisha nikaingiwa na wasiwasi na ule uwanja, tukaazima futi kamba ya fundi tukapima. Raundi moja mita 372! Watu miaka yote wanahesabu 400, wanakimbia raundi tatu na robo tatu wanasema 1500 kumbe ni 1395, ilitakiwa raundi nne na mita 12 juu. Dogo alipokimbia 1500 ya kweli akaleta 4:43, akanuna siku mbili.

Hapo ndo tukaanza daftari. Raundi ya kwanza sekunde 62, ya pili 68, ya tatu 75, ya nne 76. Anatoka kama kafukuzwa na nyuki, yaani pumzi ya raundi ya nne anaila kwenye ya kwanza. Wazee wa Ngamiani wakanibishia, eti mbona Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa zamani, alikuwa anatoka mbele tangu bunduki inalia. Kweli, Christchurch 1974 aliongoza mwanzo mwisho akaweka rekodi ya dunia 3:32.2, ila gawanya hiyo, ni kama sekunde 56 na nusu kila mita 400, ile spidi Bayi alikuwa nayo kifuani, dogo wetu ya kwake alikuwa anakopa.

Halafu walikuwa wanakimbizwa kwa nguvu zote kila siku, saa tisa alasiri, jua la Tanga mnalijua na ule unyevu wa pwani jasho halikauki. Miguu mizito, taimu haisogei. Tukahamia alfajiri na siku nyingi ni mchakamchaka, ndiyo, uleule wa shule ya msingi, kwenye barabara za vumbi katikati ya mkonge huko Pongwe, dakika 40 mpaka 50. Sheria moja tu, lazima uweze kuimba, ukishindwa kuitikia wimbo umezidisha, punguza. Mwanzoni waliona nawadharau. Nguvu ni Jumanne na Ijumaa. Jumanne raundi sita, kila moja sekunde 68, katikati wanatembea dakika mbili, na anayekuja na 64 hapigiwi makofi, anagombezwa. Ijumaa ni mbio za nyika, nje ya uwanja, mzunguko uleule, mwembe uleule wa kumalizia, manake taimu ya nyika huwezi kulinganisha na ya shule nyingine, kule mchanga huku kilima, unalinganisha na ya kwako ya mwezi uliopita, na kama mvua imenyesha unaandika pembeni, mvua.

Baada ya miezi minne dogo akakimbia 68, 68, 69, 64. Ukijumlisha na vile vimita vya mwisho ni 4:31, sekunde 12 zimeondoka. Kwenye mashindano akawa wa tano, kwa hiyo gazetini hayumo, na yule wa kwanza mliyemwandika sijui mpaka leo alikimbia ngapi, nilitaka nimwambie dogo zimebaki sekunde ngapi nikakosa cha kumwambia.

Tokyo Septemba 2025 Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni, yeye na Mjerumani Amanal Petros wote wameandikiwa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03. Huko wanahesabu hadi hizo, sisi dakika nzima hatuiandiki na stopwochi iko kwenye kila simu. Mwandishi wenu akienda uwanjani aulize taimu, ya wa kwanza mpaka wa tano kama inawezekana, na aulize uwanja umepimwa lini. Wakimjibu haikupimwa, andikeni hivyohivyo, haikupimwa.

Mwalimu wa kujitolea,
Chumbageni, Tanga