Kwa nini karakana yetu ya ushonaji bado ina watu tisa, na agizo lako la Septemba linahusikaje

Kila Januari tunaulizwa swali hili, na mara nyingi mwulizaji ameshaudhika kidogo: "Foleni yote hii, vijana wamejaa mtaani hawana kazi, ninyi mnashindwa nini kuongeza mafundi?" Mzazi ameshika fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza, shule inafunguliwa Jumatatu, nasi tunamwambia sketi ya binti yake itakuwa tayari Alhamisi. Ana haki ya kuuliza. Jibu la kutolewa kaunta, watu wengine wakisubiri nyuma yake, huwa fupi mno. Hili hapa refu.

Karakana yetu iko Unga Limited, na tunashona sare za shule, ovaroli, na mavazi ya kazi ya lodge na kampuni za utalii. Jina la mtaa wenyewe lilitokana na kiwanda cha unga. Wazee wa hapa wanaikumbuka Kiltex ilipokuwa inatoa vitambaa, na General Tyre ilipokuwa inatoa matairi. Kazi za namna ile, za kuingia asubuhi na kutoka jioni na mshahara mwisho wa mwezi, hazijarudi Arusha kwa wingi ule. Viwanda vichache vikubwa vipo na vinaajiri, lakini sehemu kubwa ya mji inaendeshwa na utalii, kilimo, ofisi za kimataifa, na biashara ndogo zisizohesabika. Kijana wa Ngarenaro au Sombetini akipata ajira mwaka huu, kuna uwezekano mkubwa aliyemwajiri ni mtu mwenye wafanyakazi watano au wanane. Kwa hiyo kama karakana ya watu tisa inashindwa kumchukua wa kumi, tatizo si la karakana hiyo peke yake.

Wafanyabiashara wenzetu ukiwauliza, jibu la kwanza ni kodi. Wana sababu. Ukifikisha wafanyakazi kumi unaingia kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo wengi tunaiita kwa herufi zake tu, SDL. Kabla ya Julai 2021 mpaka ulikuwa kwenye wafanyakazi wanne. Ukasogezwa hadi kumi, jambo ambalo lilitusaidia sana watu wa saizi yetu. Kiwango chenyewe kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 Julai 2023. Lakini tozo hii haihesabiwi kwenye mshahara wa huyo mmoja aliyeongezeka. Inahesabiwa kwenye mishahara ya wote.

Tuseme kila mmoja analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, kwa mfano tu. Tukiwa tisa, SDL ni sifuri. Akiingia wa kumi, mishahara yote inakuwa milioni 3, na asilimia 3.5 yake ni 105,000. Ongeza 30,000 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo ni asilimia 10 ya upande wa mwajiri, na 1,500 ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Yule fundi wa laki tatu ameigharimu karakana 436,500. Kinachokera zaidi ni kwamba katika SDL hiyo, theluthi moja tu ndiyo inayokwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, mahali ambapo fundi wetu ajaye anasoma.

Kuna na mpaka mwingine juu zaidi. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 200 kwa mwaka hailazimiki kusajiliwa VAT; zamani mpaka ulikuwa milioni 100. Lodge tukiitoza VAT haiumii sana, kwa sababu nayo imesajiliwa na ile asilimia 18 inaidai kwenye hesabu zake. Shule ni habari nyingine. Huduma ya elimu imesamehewa VAT, hivyo shule haina pa kuidai. Siku tukivuka milioni 200, sisi tutaidai VAT tuliyolipa kwenye vitambaa, lakini mteja wetu mkubwa ataona bei imepanda na hakuna kitu kipya kwenye shati. Karakana ya jirani isiyosajiliwa itamchukua asubuhi hiyohiyo. Ndiyo maana utakuta mtu mwenye kazi ya kutosha watu ishirini ameigawa kwenye vibanda vitatu vyenye leseni tatu. Hatumsifu, ila tunamwelewa.

Pamoja na hayo yote, tukiwa wakweli, kodi siyo iliyotufanya tubaki tisa. Kinachotubana ni mali kauli, yaani kutoa mzigo leo na kusubiri kulipwa baadaye.

Shule inaagiza sare za milioni 12. Kabla shati la kwanza halijatoka, sisi tumeshatoa karibu milioni 10 kwenye vitambaa vya tetroni na gabadini kutoka Kariakoo, uzi, vifungo, zipu, kudarizi nembo, na mishahara. Mzigo unafika shuleni Januari. Mhasibu anasema ada hazijaingia, tuvumilie hadi Februari. Februari inakuwa Machi, Machi inakuwa mwisho wa muhula. Hatusemi wana nia mbaya. Wazazi nao wanawalipa kwa mafungu. Lakini fundi hasubiri mwisho wa muhula, wala mwenye nyumba wetu.

Hapo tunakwenda kukopa. Benki za biashara zimekuwa zikitoza kwa wastani karibu asilimia 15 kwa mwaka, ambayo tungeimudu, ila zinataka hati ya nyumba au kiwanja. Barua ya agizo kutoka shule, hata ikiwa na muhuri mkubwa namna gani, haikubaliki kama dhamana. Mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyosimama 2023 na kurejeshwa 2024, haina riba, lakini imewekwa kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kinachobaki ni taasisi ndogo za mikopo, ambako ukomo uliowekwa na Benki Kuu ni asilimia 3.5 kwa mwezi.

Ni namba ileile ya SDL, ila linganisha uzito wake. Milioni 10 kwa asilimia 3.5 ni 350,000 kila mwezi. Shule ikichelewa miezi minne, riba imefika milioni 1.4. SDL ya mwaka mzima kwa watu kumi, kwa mfano wetu wa juu, ni milioni 1.26. Yaani mteja mmoja aliyechelewa muhula mmoja ametugharimu zaidi ya tozo ya miezi kumi na miwili, na faida ya milioni 2 tuliyoitarajia imebaki laki sita. Vikao vya wafanyabiashara tunapiga kelele kuhusu kodi kwa sababu serikali ina anwani. Mteja ni vigumu kumpigia kelele, kesho unamhitaji.

Tatizo la pili ni kalenda. Matokeo ya uchaguzi wa kidato cha kwanza hutangazwa Desemba, shule zinafunguliwa Januari. Mzazi hajui rangi ya sketi wala ya tai hadi ajue shule, na tangu serikali ianze elimu bila ada hadi kidato cha nne 2016, wanafunzi wameongezeka na kila mmoja sare ananunuliwa na mzazi wake. Mwezi mmoja una kazi ya miezi mitano. Tunachukua deiwaka, yaani vibarua wa muda, tunawalipa kwa kipande, wanakesha na ovaloki hadi usiku. Machi kazi inakatika. Aprili na Mei, masika imekolea, lodge nyingi zimepunguza watu au zimefunga, nasi tunapiga soga huku cherehani nusu zimefunikwa. Huwezi kumpa mtu mkataba wa mwaka kwa kazi ya wiki saba. Na yule deiwaka aliyeanza kuijua kazi yetu, Desemba inayofuata ameshahama, tunaanza kumfundisha mwingine kukunja kola.

Kuegemea utalii kunaongeza hatari hiyo, ingawa pia ndiko kunakotulisha. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi karibu 620,000, na maagizo ya sare za madereva na waongozaji yakakauka mjini kote. Mwaka 2024 walizidi milioni 2.1. Tunashukuru, ila anayeajiri kwa kutegemea msimu ule lazima aajiri kwa tahadhari.

Halafu kuna ushindani wa bei. Mteja anatuambia Nairobi ni nafuu, na kwa baadhi ya vitu anasema kweli. Namanga iko karibu, kituo cha pamoja cha mpakani kinafanya kazi, na bidhaa za asili ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zinapita kwa cheti rahisi cha uasilia. Hatulalamikii hilo, hata sisi tunaweza kuuza upande wa pili. Mavazi kutoka nje ya Jumuiya yaliwekewa ushuru wa asilimia 35 kuanzia Julai 2022, na kwenye karatasi huo ni ulinzi mzuri. Ila mashati yaliyoingia kwa njia nyingine hayajui asilimia 35 ni nini. Na kitambaa tunachoshonea, kingi kinaagizwa kwa dola: mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300, na katikati ya 2024 ikazidi 2,600. Nchi inalima pamba Simiyu na Shinyanga, inauza nyuzi nyingi zikiwa ghafi, kisha inanunua tetroni. Mambo hayo yanatuzidi kimo.

Umeme tuseme kwa kifupi. Tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha, mgao ule wa zamani umepungua. Kwetu kaskazini umeme unasafiri mbali, na ukishuka nguvu, mashine ya kudarizi inaacha nembo ya simba ikiwa na kichwa bila mkia. Shati hilo ni hasara. Tumeweka kifaa cha kulinda umeme. Gharama yake imo kwenye bei ya nembo.

Sasa upande wenu. Hatuna uwezo wa kubadili tarehe za uchaguzi wa kidato cha kwanza wala riba ya mkopo. Tunaweza kubadili namna tunavyopokea kazi, na mwaka huu tumebadilisha.

Shule ikileta agizo kabla ya tarehe 30 Septemba inapata punguzo la asilimia 8. Wakuu wa shule wanatuambia hawajui idadi ya wanafunzi wapya. Hamhitaji kuijua yote. Leteni orodha ya saizi za mwaka jana, tushone theluthi mbili, zile saizi za katikati ambazo hazikosi mvaaji; iliyobaki tuikamilishe Januari mkishawaona watoto. Malipo ni kwa awamu: asilimia 40 ya kununulia kitambaa, 30 mzigo wa kwanza ukifika, na 30 kabla ya mwisho wa Februari. Atakayechelewa awamu ya mwisho hatutamtoza faini, ila mwakani atarudi kwenye bei ya kawaida na malipo kamili kabla ya kukata kitambaa. Tumeona ni afadhali kulisema mapema kuliko kununiana.

Lodge na kampuni za utalii, tunakuja kupima Machi, kabla watu wenu hawajaenda likizo, tunashona Aprili na Mei, mnavaa Juni. Bei ya miezi hiyo ndiyo ya chini kuliko zote kwa mwaka, kwa sababu ni miezi ambayo tungelipa mafundi bila kazi. Ovaroli za ujenzi na gereji nazo tunazipokea kwa mpango huohuo.

Wazazi, kuanzia Oktoba mnaweza kudunduliza. Shati jeupe, na kaptura au suruali ya rangi zinazotumika shule nyingi, tunavishona kabla ya matokeo. Sketi na tai tunasubiri fomu. Unaweka kiasi ulicho nacho kwa simu, unapata risiti kila mara, na fedha ikitosha unachukua vazi lako bila foleni. Mtoto akiongezeka kimo ndani ya miezi hiyo, na wataongezeka, tunaachia pindo bila malipo.

Kuhusu fundi wa kumi, hesabu yetu ni hii: shule mbili za saizi ya kati zikiagiza Septemba, na lodge moja ikiagiza Aprili, tuna kazi ya kumlipa mtu kuanzia Aprili hadi Januari bila kukopa, SDL ikiwemo ndani. Tutamchukua kati ya wale waliokuwa deiwaka msimu uliopita, si mgeni, na kwa mkataba wa maandishi.

Watakaokuja karakanani wiki ijayo, leteni sampuli ya sare mnayotumia sasa hata kama imechakaa. Rangi ya kwenye picha ya simu inadanganya. Shule zilizoshonesha kwetu nyuma hazihitaji kupima upya, vipimo vyote vimo kwenye daftari letu. Risiti ya EFD inatolewa kwa kila malipo, yakiwemo ya awali. Sweta hatufumi, na viatu hatuuzi. Tuko wazi Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni; mwenye agizo la zaidi ya sare hamsini apige simu kwanza ili anayekata vitambaa awepo.