Nani anamuuliza maswali mwalimu wa Kiswahili?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nimefundisha Kiswahili miaka 22, na miaka 15 ya mwisho nipo shule moja ya kata upande wa Ngaramtoni, hapa Arusha. Sijawahi kuandika gazetini. Kilichonisukuma ni sherehe ya Siku ya Kiswahili Duniani. Wanafunzi walighani mashairi, sisi tukavaa fulana, mgeni rasmi akatukumbusha kwamba UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kwa ajili ya lugha yetu mwaka 2021, na kwamba mwaka uliofuata Umoja wa Afrika nao ukaipokea kuwa lugha ya kazi. Makofi. Kisha akatuhimiza walimu wa Kiswahili tuchangamkie fursa. Nikiwa pale chini ya turubai, soda imeshapata moto mkononi, nikajiuliza: mwalimu aliyekauka atachangamka kwa kitu gani?

Nasema aliyekauka kwa kuwa nilikauka mimi mwenyewe. Sitaki nieleweke vibaya. Madaraja yapandishwe kwa wakati, malimbikizo yalipwe, nyumba za walimu zijengwe. Hayo yameandikwa na wanaojua kuyaandika kuliko mimi. Ninaouzungumzia ni ukavu mwingine, ule unaompata mwalimu hata siku ambayo mshahara umeingia.

Ugumu wa somo letu ni kwamba kila mtu analijua. Abiria mwenzangu kwenye kifodi aliwahi kuniuliza nafundisha nini. Nilipomjibu akashangaa: "Kumbe na Kiswahili kinafundishwa?" Watoto wanakizungumza, wazazi wanakizungumza, kwa hiyo hakuna anayekuja na swali. Nilikuwa na daftari moja la nukuu, lina doa la chai kwenye ukurasa wa ngeli, na nililitumia miaka minane. Nilijua hata utani uko wapi. Mkondo A walichekea hapo, B hapo, C hapo. Ikafika mahali naweza kufundisha YU-A-WA huku nawaza mboga ya jioni.

Likizo moja ya Desemba, jirani yangu hapa Sakina alinitafutia kibarua: kumfundisha Kiswahili mama mmoja wa Kiholanzi, mtaalamu wa mbegu za mboga, aliyekuja kufanya kazi upande wa Tengeru. Saa moja na nusu kila jioni barazani kwangu, chai ya tangawizi juu yangu. Siku ya nne akanisomea sentensi mbili alizoziokota mwenyewe. "Alikunywa maji." "Aliyanywa maji." Akauliza kwa upole: "Mwalimu, ile ku ya kwanza imekwenda wapi kwenye ya pili?"

Mhariri, mimi nina shahada. Nilipiga funda la chai, nikamjibu: "Mama, Kiswahili ndivyo kilivyo."

Akaandika. Nilipochungulia daftari lake nikaona ameipigia mstari: Kanuni, Kiswahili ndivyo kilivyo. Hakuwa ananikejeli. Aliamini kabisa kwamba amepewa kanuni.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikafungua sanduku la bati lenye makaratasi ya chuo, nikakuta panya wamefika kabla yangu. Ndipo nikampigia simu mzee aliyenifundisha nikiwa msichana, ambaye sasa amestaafu na yuko zake Kiboriloni, Moshi, na migomba yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu. "Tamka huku unapiga meza, mwanangu."

Nikapiga meza. A-li-KU-nywa. A-li-YA-nywa.

Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa kitenzi chenye mzizi wa silabi moja, kama -nywa, -la, -ja au -fa, hakina silabi ya kuutwika mkazo huo. Kiambishi -li- hakikubali kuubeba, na wenzake -na-, -ta- na -me- nao hawakubali, kwa hiyo ku inaitwa kuja kubeba mzigo. Kikiingia kiambishi cha mtendwa, ile ya ya maji, mzigo anabeba yeye na ku inarudi zake nyumbani. Ndiyo maana tunasema amekula, lakini hajala: -ja- ina mabega. Nilikuwa nimeisema lugha hii tangu ninyonye, na sikuwahi kuisikia ku ikihema.

"Mbona hukunifundisha haya, mwalimu?" nikamlaumu.

"Hukuniuliza," akasema, akaaga kwamba anakwenda kufunga mbuzi.

Neno hilo la hukuniuliza nilirudi nalo shuleni Januari. Nikaanza kuona kwamba semina nilizohudhuria, na ni nyingi, zilinipa majibu ya maswali ambayo sikuwa nayo. Nilikuwa narudi na kabrasha na posho ya nauli, kabrasha nalipanga juu ya kabati, basi.

Swali la pili lilinijia bila kuombwa. Siku hiyo ofisi ya walimu ilikuwa inavuja, mwenzangu wa hisabati akaja kukaa nyuma ya darasa langu kusubiri kipindi chake kinachofuata. Nilifundisha kama kawaida, kwa kujiamini. Tulipotoka akanionyesha nyuma ya karatasi ya mtihani, vijiti vimepangwa vitano vitano. "Dada, nimekuhesabia. Umeuliza maswali 31. Maswali 26 umeyajibu mwenyewe." Matano yaliyobaki walijibu wasichana watatu wa dawati la mbele. Darasa lina watoto 78.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikamwomba aje tena.

Nimekaguliwa mara nyingi katika kazi hii. Wameangalia andalio la somo, azimio la kazi, shajara, na vyote vilikuwa safi. Hakuna aliyewahi kuhesabu maswali ninayojijibu, maana hakutumwa kuyahesabu. Wiki iliyofuata rafiki yangu alihesabu 19. Nilikuwa nauma ulimi kungoja mtoto ajibu, na ukimya wa sekunde tano darasani, kwa mwalimu mwongeaji kama mimi, ni mrefu kuliko foleni ya Kwa Mrombo jioni.

Ukimya huo ndio uliomtoa mtoto mmoja wa kidato cha kwanza. Anatoka nyumba ya Waarusha, kwao wanazungumza Kimaa. Darasani kwangu wapo na Wameru na Wachaga, na hao lugha zao ni ndugu wa Kiswahili, zina ngeli zake. Kimaa hakimo kwenye ukoo huo. Nomino zake zinajipanga kwa jinsi, ya kiume na ya kike. Kwa miaka mingi mtoto wa aina hii akiandika "kitabu yangu" nilimchora msalaba mwekundu na kumwandikia "uzembe". Leo naona haya. Alikuwa anavuka mto mpana kuliko wenzake, nami niko ng'ambo namfokea kwa kulowa.

Mama yake anauza viazi soko la Kilombero. Akasimama: "Mwalimu, kitabu, vitabu. Kikombe, vikombe. Mbona mama hasemi vilo vitatu?"

Darasa likaangua kicheko. Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza "ndivyo", nikaumeza. Nikawaambia kesho yake waniletee kila neno la ki watakalolisikia sokoni, stendi na nyumbani, na wingi wake.

Waliniletea ubao mzima. Kiroba, viroba. Kioski, vioski. Kifodi, vifodi. Kipilefti, vipilefti, neno lililotokana na Waingereza kuelekezana kukaa kushoto barabarani, leo linajigeuza kama kikombe. Tukakumbushana kwamba hata kitabu tulikipokea kwa Waarabu, na huko ki yake haikuwa kiambishi. Lakini kilo ikagoma, na kilomita ikagoma. Kipa naye akawa makipa. Kijana mmoja, mpenzi wa mpira, akatangaza kwamba ameelewa: kipa ni mtu, watu hawapewi vi. Kabla sijampongeza, dawati la nyuma wakapaza sauti: "Na kijana? Na kiziwi? Na kipofu?" Mwingine akaongeza kiboko. Kengele ililia, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo 22 hakuna aliyenyanyuka.

"Sijui," nikawaambia. "Nitauliza."

Sasa ombi langu. Tunao mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA kama tunavyouita, na ndani yake zimo jumuiya za ujifunzaji, walimu wakutane palepale shuleni kwao na kuzungumzia ufundishaji wao. Mimi nauunga mkono kwa mikono miwili, maana kile alichonifanyia mwenzangu wa hisabati ni hicho hicho. Ila katika shule moja niijuayo, kikao kiliwekwa Ijumaa saa 9:30 alasiri, watu wamechoka, mwenye mtoto mchanga anatazama mlango, na daftari la mahudhurio likazunguka kuliko maswali. Wakuu wa shule wakiweza, wakiingize kikao hicho kwenye ratiba ya asubuhi, hata kipindi kimoja cha dakika 40 kila baada ya wiki mbili, na mwalimu aruhusiwe kukaa nyuma ya darasa la mwenzake na kalamu tu, bila fomu na bila alama. Awe wa somo lolote. Wa hisabati anafaa sana, hana huruma.

Sisi hatukusubiri. Walimu watatu wa Kiswahili kutoka shule tatu tunakutana Jumamosi moja ya kila mwezi kwa mwenzetu Sanawari. Sheria ni moja: kila mmoja aje na swali alilolishindwa darasani, na asiye na swali ananunua maandazi. Mpaka sasa maandazi yamenunuliwa mara mbili, na mara zote mbili nimenunua mimi. Mwenzetu mmoja alitaka kuacha kazi mwaka jana, akafungue duka la vipodozi. Duka amelifungua, analisimamia mdogo wake, yeye bado anafundisha. Sisemi ni kwa sababu ya maandazi. Wanafunzi wanaoniuliza Kiswahili kitawapa kazi gani nawaonyesha mjini hapa hapa, kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao makuu yake Arusha na inahitaji wakalimani, lakini najua vijana hao wanachotazama kwanza ni kama mwalimu aliye mbele yao bado ana hamu na lugha yenyewe.

Nimalizie na deni. Kuhusu kilo, nilirudi darasani na dhana yangu: ni kipimo, na imekaa na vipimo wenzake, kwa kuwa tunasema mita tatu na lita tatu bila kubadilisha kitu. Nilijiona nimeshinda. Kesho yake binti mmoja wa Kimeru akaja na ujumbe kutoka kwa bibi yake, aliyekuwa akipimiwa mahindi zamani kabla ya mizani: "Kamuulize mwalimu wako, na vibaba je?"

Kama miongoni mwa wasomaji wako yupo mwenye jibu, tafadhali alilete kupitia ukurasa huu. Watoto 78 wanasubiri, na bibi.

Mwalimu wa Kiswahili,
Sakina, Arusha