Sukari iwekwe mezani, isitiwe kwenye birika

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya umetushauri tena tupunguze sukari. Ushauri nimeukubali, tena nimeukata kwa mkasi nikaubandika kwenye mlango wa kabati. Ila nina swali. Nitaipunguza vipi sukari ambayo mtu mwingine ameshaitia kabla kikombe hakijanifikia?

Mimi ni mstaafu, naishi Walukuba hapa Jinja. Kwa miaka 22 nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha sukari huku Busoga. Lori linapanda limejaa miwa, naandika. Linarudi tupu, naandika. Tani moja ya miwa ilikuwa inatoa karibu kilo 90 za sukari. Nilipima miwa ya watu mpaka nikawa naota namba usingizini, lakini sukari ya nyumbani kwangu sikuwahi kuipima hata siku moja.

Mwaka juzi nikaanza kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, na kiu haikatiki. Mama watoto akanisukuma mpaka zahanati. Nikatobolewa kidole asubuhi kabla ya kula, kipimo kikasoma 9.8. Muuguzi akanieleza kwamba kwa mtu aliyelala na njaa, kuanzia 7 kwenda juu ni kisukari, ila hupima tena siku nyingine kuhakikisha. Cha pili kilisoma 9.4. Hakuitupia chai lawama zote. Alisema ugonjwa huu unaletwa na mengi: unene, urithi, na kukaa kitako kutwa (na mizani, Mhariri, ni kazi ya kitako). Kisha akaniuliza chai nakunywa na vijiko vingapi. Nikajibu vitatu. Mama watoto, aliyekuwa kwenye benchi nyuma yangu, akakohoa.

Vilikuwa vitano.

Jioni ile nilinunua kilo moja, nikaandika tarehe juu ya mfuko kwa kalamu. Tuko watu watano nyumbani. Kilo ile haikumaliza siku tatu. Siku ya tatu mchana mjukuu alikuwa anakung'uta mfuko. Nikapiga hesabu kama enzi zangu: gramu 80 kwa kila mtu kwa siku, vijiko 20 vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya namna hii isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na linasema ikishuka chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtu mzima, nusu hiyo ni kama gramu 25, vijiko sita. Asali imo humo, na juisi pia. Tunda zima halimo, wala maziwa. Sisi tulikuwa tunakula sehemu ya watu watatu kila mmoja, na hapo soda sijaigusa. Nilipovaa miwani nikasoma chupa moja ya nusu lita, ilizidi gramu 50.

Vijana watauliza wazee tulipata wapi tabia hii. Mimi nilikuwa mtoto sukari ilipopotea Uganda. Wahindi walifukuzwa mwaka 1972, viwanda vyao vya sukari vya Kakira na Lugazi vikaanza kudorora, na kufikia mwisho wa miaka ile sukari ilikuwa ya foleni, ya kibali au ya magendo. Baba alikuwa anarudi na robo kilo aliyoificha ndani ya koti kama mtu aliyeiba. Chai tulikunywa huku tunamung'unya peremende, peremende ikikosekana tunakunywa hivyo hivyo. Mgeni akija, mama hutoa kikopo kilichofichwa nyuma ya magunia, na mgeni anatiliwa mpaka kijiko kinasimama. Ile ndiyo ilikuwa heshima. Sukari iliporudi madukani tulikuwa kama watu waliotoka jangwani. Hata mwaka 2017 kilo ilipogonga shilingi 7,000 tulilalamika sana, lakini nyumbani kwangu hakuna aliyepunguza kijiko.

Kwa hiyo naelewa kwa nini mpishi anaona aibu kumpa mtu chai isiyo tamu. Lakini hebu tazameni msiba tuliokuwa nao mtaani mwezi jana. Chai ilichemshwa kwenye sufuria la lita 20, na nikamwona kwa macho yangu kijana anamimina mfuko wa kilo nzima, kisha nusu ya mfuko wa pili. Vikombe vyetu vya msibani mnavijua, vile vya plastiki vya nusu lita. Kila kikombe, basi, kilibeba gramu 37, vijiko tisa na kitu. Nikamwendea binti aliyekuwa anagawa.

"Mwanangu, haipo isiyo na sukari?"

"Mzee, yote imeshatiwa."

"Hata chai mukalu, ile ya rangi?"

"Ya maziwa na mukalu, zote. Mzee, kunywa tu, kikombe kimoja hakiui."

Akanitazama kwa huruma, akaniongezea andazi. Nilikesha na maji ya bomba, na asubuhi nikasikia kwamba nimekataa chai ya marehemu kwa sababu ya ugomvi wa zamani wa mpaka wa kiwanja.

Hata huko kliniki tunakopimwa hali ndiyo hiyo. Tunafika saa kumi na mbili asubuhi, tumefunga, tunatobolewa vidole, tunatoka njaa inauma. Nje ya geti kuna kibanda kimoja, na birika lake lina sukari tayari.

Na shule je? Mjukuu wangu anasoma bweni. Orodha ya vitu vya muhula ilikuja: ufagio, karatasi za chooni, na sukari kilo nne. Muhula una kama siku 84. Nikagawanya: gramu 47 kwa siku, vijiko karibu 12, mtoto wa miaka 13, juu ya uji ambao jiko la shule limeshautia utamu. Nikaenda kumuuliza mwalimu mmoja. Akasema orodha ni ile ile tangu alipoajiriwa, na mtoto asiye na sukari huombaomba kwa wenzake. Mwishowe tulimfungia kilo moja, na karanga za kusaga kopo kubwa. Alinuna hadi geti la shule.

Wasidhani nahubiri. Kuacha kulinitesa. Nilitoka vijiko vitano nikaenda vinne kwa wiki mbili, kisha vitatu, nikawa nashuka hivyo. Nilipofika kimoja, chai ilikuwa na ladha ya maji ya kusuuzia masufuria na nikawa mkali kwa kila mtu. Mama watoto akaniokoa kwa tangawizi ya kuponda, mchaichai wa uani na kijiti cha mdalasini. Baada ya kama miezi miwili, ulimi ulikuwa umegeuka. Siku niliyoonja chai ya harusi niliitema kwenye nyasi nyuma ya hema, na ilikuwa chai ile ile niliyoisifu maisha yangu yote. Kilo moja nyumbani sasa inafika siku ya tisa. Dawa bado nameza, na posho, yaani ugali wa mahindi, nimepunguza pia, maana muuguzi alinionya kwamba nayo hugeuka sukari tumboni.

Ninachoomba hakina gharama. Kamati za misiba na harusi, wapishi wa shule, na kina mama wa chai: birika litoke jikoni bila sukari, bakuli na kijiko viwe mezani. Anayetaka vitano atie vitano.

Mama mmoja anayeuza chai sokoni hapa kwetu amekubali kujaribu. Ana chupa mbili za chai, na ile isiyo na sukari kaifunga kamba nyekundu shingoni. Kufikia leo wateja wa kamba nyekundu tuko watatu. Mmoja ni mimi. Wa pili ni dereva wa boda boda ambaye meno yamemchosha. Wa tatu huagiza ya kamba nyekundu, kisha anavuta bakuli na kutia vijiko viwili mwenyewe, taratibu, huku ananitazama. Huyo sina ugomvi naye.

Karani wa mizani mstaafu,
Walukuba, Jinja