Barua ya Wazi kwa Mameneja Vijana wa Ofisi za Nairobi

Wanangu,

Salamu. Ninawaandikia nikiwa na hasira kidogo, maana hivi karibuni niliitwa kutoa ushauri katika ofisi moja ya Upper Hill, na niliyoyaona huko yamenikera. Binti mmoja, mchambuzi hodari wa takwimu, alijaza hesabu kwenye mfumo mpya, akazijaza tena kwenye Excel kwa sababu mkubwa wake hauamini mfumo huo, akazituma kwenye kundi la WhatsApp, kisha akachapisha fomu, akaitia sahihi na muhuri, akaipiga skani na kuipakia kwenye mfumo ule ule. Saa saba mchana ilimkuta bado hajapata nafasi ya kuchambua chochote. Jirani yake alikuwa akigusagusa kipanya kila baada ya muda ili kitone cha kijani kinachoonyesha kwamba yuko kazini kisizimike. Simlaumu: mmempima kwa kitone, naye anawapa kitone.

Ugonjwa huu si mpya. Mwaka 1987, Robert Solow, mwanauchumi wa Marekani, alisema kwamba kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa katika takwimu za tija. Miaka michache baadaye, Paul David, mwanahistoria wa uchumi, alikumbusha yaliyotokea umeme ulipoingia viwandani: wenye viwanda wengi waliondoa injini ya mvuke, wakafunga mota kubwa mahali pake, lakini wakauacha mhimili wa zamani na mikanda yake uendelee kuzungusha mashine zote. Faida kubwa ilikuja kuonekana miaka ya 1920, kila mashine ilipopata mota yake na sakafu nzima ikapangwa upya. Nanyi mmenunua mota, mhimili mmeuacha. Hata huko serikalini mambo ni hayo hayo: huduma unaiombea mtandaoni, ukifika kaunta unadaiwa nakala ya kitambulisho.

Peter Drucker, mtaalamu wa usimamizi aliyeanza mwaka 1959 kuwazungumzia wafanyakazi wa maarifa, yaani wale ambao kazi yao ni ya kichwa kuliko ya mikono, alisisitiza baadaye kwamba swali la kwanza kwao ni hili: kazi yenyewe ni ipi? Waulizeni watu wenu, kwa upole, kisha mnyamaze msikilize. Mtashangaa ni saa ngapi za siku zinazoliwa na mambo ambayo hamkuwaajiria.

Mnapenda pia kuhubiri ubunifu, na M-Pesa haiwatoki midomoni. Basi kumbukeni kwamba kabla ya kuzinduliwa mwaka 2007 ilijaribiwa kama njia ya kulipia mikopo midogo, na waliokuwa wakiiendesha wakatambua kwamba watu wanaitumia kutumiana pesa wao kwa wao, ndipo wakaugeuza mpango wote. Walikuwa na nafasi ya kutazama na ruhusa ya kubadilisha. Ni nani ofisini mwenu mwenye vyote viwili?

Mengine mnayajua, nami nayataja tu: punguzeni vikao, makundi ya WhatsApp yalale jioni, wafundisheni watu mfumo kabla ya kuwadai matokeo, mpeni kila mmoja asubuhi isiyokatizwa.

Na ninyi mnaonipigia simu kuniuliza iwapo mnunue programu za akili mnemba mwaka huu, nunueni, wanangu, lakini kwanza nileteeni orodha ya fomu mlizozifuta.

Ni mimi mzee wenu,
Nairobi