Mama aliwaombea wote ndani ya basi, mimi hakunitaja

Shangazi, asalaam alaykum.

Ni saa tisa usiku, na nimeshaisikiliza tena ile video ya dua aliyoiomba mama ndani ya basi, tulipokuwa ziyara Madina. Simu nimeibana sikioni kwa sauti ya chini nisimwamshe mtoto. Mpangilio wake nimeshaukariri. Mama anaanza na marehemu baba, anakuja kwa kaka, na kwa kaka anakaa sana, kisha mdogo wangu ajaaliwe mtoto, kisha wajukuu mmoja mmoja kwa majina, kisha jirani wa uani, halafu, Shangazi, yule mzee anayetuletea mkaa ambaye mguu unamsumbua. Mzee wa mkaa! Baada ya hapo anasema "na Waislamu wote, walio hai na waliotangulia", basi zima linaitikia amina, na maiki inakwenda kwa mtu mwingine. Mimi simo.

Nimo kwenye "Waislamu wote", mdogo wangu kashaniambia hivyo, na tangu aniambie sijapokea simu yake.

Mama zetu wa huku unawajua, sina haja ya kukueleza wanavyompenda mtoto wa kiume. Sisi tuko watatu na mwanamume ni kaka peke yake. Kidari cha kuku kilikuwa chake tangu tuko wadogo, na hakuna aliyewahi kunisikia nikilalamika. Siandiki kwa wivu, hilo lieleweke kabla hatujafika mbali.

Umra nililipia mimi. Sisemi ili nisifiwe, maana ukishamtendea mzazi kisha ukatangaza umeshaharibu, nalijua hilo. Lakini utanishauri vipi kama hujui? Nauza madera na mitandio. Zamu yangu ya upatu ilipofika sikuongeza mzigo dukani, nikaenda kulipa kwenye taasisi, mama na mimi, pasipoti, viza, kila kitu. Siku hizi wanawake tunaruhusiwa kwenda bila maharimu, kwa hiyo hatukuhitaji mwanamume wa kutusindikiza. Kaka yuko Muscat. Alisema atalipia hoteli ya Madina, halafu akasema mambo yamebana, halafu akasema basi atakuja mwenyewe kwa gari tukutane huko huko, kwa kuwa sasa kuna barabara inayokatisha jangwa kutoka Oman hadi Saudia. Mama akaishika ahadi hiyo kama hati ya kiwanja. Madina nzima kila tukishuka kwenye lifti anaangaza macho pale mapokezi. Kaka hakuja. Hata simu ya kusema siji hakupiga, ilibidi nipige mimi.

Sasa nikueleze siku yenyewe ya ziyara, uone kama nilistahili.

Sheikh wa msafara alitutangazia tangu usiku: asubuhi tutaanza na Msikiti wa Quba, kila mtu atie udhu hotelini, kwa sababu imepokewa kwamba mwenye kujitwaharisha nyumbani kwake kisha akaenda Quba akaswali humo hupata ujira kama wa Umra. Mama nilimtilia maji mwenyewe, nikampangusa miguu, nikamvisha soksi. Tukateremka. Kiti cha magurudumu nikakikunja nikakipandisha kwenye buti la basi, dereva ananitazama tu. Kabla hatujafika Quba udhu ukamtoka. Mzee wa sabini na kitu, ni jambo la kawaida. Nikampeleka pale wanapotilia udhu wanawake, foleni mpaka nje, na tuliporudi wenzetu walishamaliza rakaa zao wanatungoja. Mama akasema kwa sauti, mbele ya akina mama wote, "Huyu kanichelewesha, kanikosesha Umra yangu." Sheikh akacheka akamwambia rehema ya Mwenyezi Mungu ni pana, bibi, nia yako imeshaandikwa. Mimi sikumjibu mama. Watu wa msafara wanaosema nilimjibu hawakusikia vizuri. Nilisema tu kwamba udhu haukutoka kwangu. Hilo si jibu la utovu wa adabu, ni maelezo.

Uhud kulikuwa na jua kali. Sheikh akasimama karibu na kile kilima cha wapiga mishale akatusimulia vita vya mwaka wa 3 Hijria, jinsi Mtume (SAW) alivyowaweka pale watu hamsini na kuwaambia wasiondoke, hata wakiona ndege wanawanyakua wenzao. Walipoona ushindi umekuja na ngawira ziko chini wengi wakateremka, na waliobaki na kiongozi wao ni wachache, wakauawa pale pale. Mashahidi sabini, Sayyidna Hamza akiwemo. Watu walikuwa wanalia. Nami nililia, ila nakwambia ukweli, nilikuwa najililia mwenyewe. Niliwaza: mimi ndiye niliyebaki kilimani. Wenzangu wote wameshateremka, mmoja Muscat, mmoja kwa mumewe Arusha, mimi niko juu na upinde. Astaghfirullah, sijilinganishi na masahaba. Niliwaza tu.

Kutoka Uhud tunakwenda Qiblatayn, msikiti wa vibla viwili, ndipo sheikh alipochukua maiki akasema kuna dua tatu hazirudi: ya aliyedhulumiwa, ya msafiri, na ya mzazi kwa mwanawe. Akasema, humu ndani tuna wazazi ambao pia ni wasafiri, basi tuwape wazee maiki watuombee, sisi tuitikie. Kijana mmoja akawa anarekodi. Unaona sasa, Shangazi? Haikuwa dua ya mezani. Ilikuwa dua ya mzazi na ya msafiri kwa pamoja, tumetoka kuwatolea salamu mashahidi, na sheikh ametueleza uzito wake dakika hiyo hiyo. Mama aliposhika maiki mkono ulikuwa unamtetemeka, nikaushika mimi ili maiki isimteleze. Kwenye video mkono wangu unaonekana. Una pete ya fedha na hina iliyofifia. Mkono upo, jina halipo.

Na niliitikia amina kwa kila mtu. Kwa kaka niliitikia mara nyingi kuliko wote, kwa kuwa alimwombea riziki, afya, mke mwema, ulinzi wa hasidi, na arudi nyumbani salama. Kwa mzee wa mkaa pia niliitikia.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Tulipita ile misikiti ya Khandaq, sheikh akaeleza habari za Salman al-Farsi na wazo lake la kuchimba handaki, sikusikia. Tukapelekwa shamba la tende. Huko mama akafufuka. Akachagua ajwa kwa mkono wake, moja moja, kwa ajili ya kaka, kwa sababu ya ile hadithi ya tende saba za ajwa asubuhi kwamba hukinga sumu na sihiri. Sisi wengine akatununulia zile tende ziitwazo sukari, ambazo ni tamu, sikatai, lakini bei unazijua. Riyali zilikuwa zangu. Na hizo ajwa mpaka leo zimo kwenye friji yangu, zimefungwa kwa mkanda wa gundi, zinamngoja mwenyewe. Mwanangu alichukua moja akafokewa.

Mdogo wangu anasema labda aliniombea Raudha, pale ndani ya Msikiti wa Mtume. Kwa hiyo nimshukuru. Raudha nilimwingiza mimi, kibali nikakitafuta usiku kwenye programu ya Nusuk, nafasi za wanawake zinajaa huku unaangalia, na tulipoingia nilikuwa nyuma ya kiti. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alichosema sikukisikia. Labda. Lakini kama aliniombea kwa siri, kwa nini mzee wa mkaa aombewe kwa maiki?

Mama mmoja wa msafara, mtu mzima, aliniona nimenuna kwenye chakula cha usiku akanambia pepo iko chini ya nyayo za mama, vumilia. Tafadhali wewe usinitajie nyayo za mama. Nyayo zenyewe ndizo nilizokuwa nazichua kwa mafuta ya mkaratusi kila usiku, kisigino cha kushoto kimepasuka na kidole gumba hakikunji. Nyayo hizo nazijua kuliko mwanamke yeyote aliyekuwa kwenye lile basi.

Sasa nije kwenye swali. Mama anataka kwenda Hija. Kamwambia sheikh, sheikh kanipigia mimi, maana wote wanajua mwenye kulipa ni nani. Na anataka aende na kaka. Si na mimi. Anasema Hija ni ngumu, kule Mina na Muzdalifa mtu anataka mwanamume wa kumshika mkono. Kaka kakubali haraka sana, kasema yeye yuko tayari, bado nauli tu. Nauli! Kwa hiyo nilipe watu wawili, mmoja wao ni yule aliyeshindwa kuja Madina, nami mwenyewe faradhi yangu sijaitimiza. Nikikataa nitakuwa nimemnyima mama nguzo ya dini. Nikikubali nitabaki hapa nafungua video nyingine, ya Arafa safari hii, nijisikilize nisivyotajwa.

Pesa si kitu, Shangazi. Ningekuwa naangalia pesa nisingeanza. Nauza kiwanja cha Pongwe kesho kama ni lazima, japo ndicho nilichobaki nacho baada ya kuachika.

Labda niseme na hilo, ingawa halihusiani. Yule mume alikuwa mtoto wa shoga yake mama. Nilipoondoka kwake mama alisema nimemvua nguo mbele ya watu, na akasema neno jingine ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa maneno ya mzazi yakiandikwa yanakaa. Tangu siku hiyo hatujalizungumza. Amekuja kuishi kwangu, anakula kwangu, anavaa madera yangu, akiumwa usiku ananiita mimi. Sijawahi kusikia nimekusamehe, wala sijawahi kusikia sijakusamehe. Nami sikuomba msamaha kwa sababu sioni nilichokosa: mtu alikuwa ananipiga. Je, mzazi anaweza kukaa nyumbani kwako miaka yote hiyo, ukamlisha na kumwogesha, na bado akawa hana radhi nawe? Nauliza tu. Swali langu ni lile la Hija.

Nilijaribu kumwuliza kwa mzunguko. Nilimwambia, mama, ile dua yako kwenye basi ilikuwa nzuri, watu wengi wameisifia. Akasema alhamdulillah, kila mtu nimemkumbuka. Kila mtu! Alisema hivyo huku anamenya vitunguu, hata kichwa hakuinua. Nikatoka nje nikaanika nguo zilizokuwa zimeshakauka.

Mdogo wangu anasema nimfungulie video mama asikie mwenyewe, ataona. Hilo siwezi. Akisikia akashtuka, akalia, nitakuwa nimemliza mama mtu mzima kwa ajili ya jina. Na akisikia asishtuke? Hapo nitakwenda wapi?

Sihitaji aniombee sasa. Dua ya kuombwa ni kama zawadi ya kudai, haina ladha. Lakini kama kuna namna ya kumfanya aniombee bila kujua kwamba nimetaka, niambie.

Mwenzangu mmoja wa upatu, ambaye hajui habari yote, ananambia nilipe yangu na ya mama, kaka ajitegemee, na mama asipotaka basi. Naona ana haki. Halafu namwona mama asubuhi amekaa kwenye mkeka wake na tasbihi, kamba imelegea anaifunga fundo kwa meno, naona huyu sitamfanyia hivyo. Ikifika usiku nafungua video.

Sheikh anataka malipo ya awali Ijumaa hii, na majina mawili ya kuandikisha. La mama limeshaandikwa. Niandike la nani? Na ukiniambia nizungumze naye kwanza, nipe na maneno yenyewe, yale ya kuanzia, maana mama yangu humwendei moja kwa moja, na mimi ya kwangu yote yanatoka kama ugomvi.

Jina langu usiliweke. Mji pia usiutaje, huku sote tunajuana.

Wako,
Mwenye mkono kwenye video